Good School Toolkit: ilipotusaidia shuleni na ilipotuacha

Kama shule yako inataka kweli kuachana na fimbo, na mwalimu mkuu yuko tayari kuliongoza jambo hilo yeye mwenyewe, chukueni Good School Toolkit. Kama mwalimu mkuu hayuko tayari, msipoteze hela ya kuprinti. Nayasema haya baada ya kuitumia kwenye shule ya msingi ya serikali ninayofundisha huku Kanda ya Ziwa. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi, kazi niliyokabidhiwa kikaoni bila kupunguziwa hata kipindi kimoja cha Kiswahili.

Ni kifurushi kilichotengenezwa na Raising Voices, shirika lenye makao yake Kampala. Ndani yake mna vijitabu, mabango, katuni na shughuli zipatazo 60, zimepangwa kwa hatua sita: kuunda timu, kuiandaa shule, mwalimu na ufundishaji, nidhamu chanya, mazingira ya kujifunzia, na mwisho uongozi wa shule na jamii inayoizunguka. Kazi hawaachiwi walimu peke yao. Kila shule inachagua walimu wawili na wanafunzi wawili wa kuwa mbele, na hapo ndipo kiliponivutia mimi. Miaka yote niliyofundisha, mambo ya nidhamu yanajadiliwa na watu wazima ofisini, mtoto anasubiri nje ya mlango.

Kinapatikana bure mtandaoni. Ila ukifika steshenari, bure inaishia hapo, maana mabango ni ya rangi na kurasa ni nyingi. Sisi tulitoa kopi za vijitabu tu, nyeusi na nyeupe. Mabango tuliyachora upya kwenye manila kwa maka peni, na wanafunzi wa darasa la sita wakachora watu wanaofanana na watu wa kwetu, kina mama wenye ndoo na mwalimu mwenye pikipiki. Yalipendeza kuliko ya asili. Kilichotuchosha ni lugha. Nakala niliyopata ni ya Kiingereza, na shule zetu zinafundisha kwa Kiswahili. Nilitafsiri shughuli moja baada ya nyingine jioni, baada ya kusahihisha madaftari, na nyingine zilibidi kubadilishwa kabisa kwa sababu darasa langu lina watoto zaidi ya tisini. Kugawana vikundi vya watu sita katika chumba kile ni vita.

Kuna jambo zito zaidi ambalo mwalimu wa Tanzania atakutana nalo mapema. Vitabu hivi vimeandikwa kwa Uganda, ambako sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Kenya walikataza tangu 2001. Kwetu bado vinaruhusiwa. Kwa hiyo nilipowasilisha kifurushi ofisini, mwalimu mwenzetu wa siku nyingi, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza: “Madam, serikali imeniruhusu. Wewe unanikataza kwa kifungu gani?”

Swali lake ni la haki, na kifurushi hakina jibu lake. Jibu tulilipata kwa kuzisoma Kanuni zenyewe za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002, pale pale kikaoni, kwa sauti. Viboko visizidi vinne. Achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, akiwepo. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Halafu tukajitazama: mwalimu wa zamu yuko getini asubuhi na fimbo, kila aliyechelewa anapata chake, hakuna anayehesabu, hakuna kinachoandikwa. Kwa kipimo cha sheria ile ile aliyoitaja mzee wetu, viboko karibu vyote vya shule yetu vilikuwa nje ya kanuni. Na ukanda huu hakuna mwalimu aliyesahau Agosti 2018, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alipofariki baada ya kuchapwa, na mwalimu akafikishwa mahakamani kwa mauaji. Nashauri mtu yeyote anayeleta kifurushi hiki Tanzania aanze na Kanuni hizo, ndipo afungue hatua ya kwanza.

Hatua ya nne, ya nidhamu chanya, ndiyo moyo wa kazi yote. Inamtaka mwalimu atenganishe kosa dogo na kosa kubwa, ajue kwa nini mtoto amelifanya, na ampe njia ya kurekebisha alichoharibu. Aliyechana kitabu cha mwenzake anakikarabati. Anayechelewa kila siku anaulizwa. Tulipouliza, tukakuta kundi zima la wachelewaji wanachota maji kabla ya kuja shule, na wengine wanasubiri mzazi arudi kutoka ziwani ndipo wamwachie mdogo wao. Fimbo ya getini ilikuwa inawaadhibu kwa kazi waliyotumwa na wazazi wao.

Tahadhari moja hapa. Fimbo ilipopungua, magoti yaliongezeka. Baadhi yetu tulihamia kwenye kupigisha watoto magoti juani na kurusha kichura, na tukaita nidhamu chanya. Kifurushi kinaeleza wazi kuwa kudhalilisha ni ukatili pia, hata kama mkono haujamgusa mtoto, lakini maelezo hayo yanahitaji kurudiwa kikao baada ya kikao. Semina ya siku moja haitoshi kabisa.

Kitu bora kuliko vyote, kwa macho yangu, ni sanduku la maoni. Fundi wa jirani alituchongea kwa mabaki ya mbao, tukaliweka nyuma ya darasa la tano ambako dirisha la ofisi halioni. Linafunguliwa na mimi pamoja na mwanafunzi, kamwe si mwalimu peke yake. Siku ya kwanza karatasi nyingi zilihusu uji, kwamba hauna sukari. Chini kabisa mlikuwa na kipande cha daftari kilichokunjwa mara nyingi hadi kikawa kama kidonge, kimeandikwa kwa penseli: “Choo cha wasichana hakina komeo wakubwa wanasukuma mlango tukiwa ndani.” Tulikuwa tumejadili utoro wa wasichana wa madarasa ya juu vikao na vikao, tukalaumu wazazi, tukalaumu minada. Mwalimu mkuu aliita fundi wiki hiyo hiyo, milango ikawekwa makomeo, na wavulana waliohusika waliitwa pamoja na wazazi wao. Makomeo hayakuzidi bei ya ream moja ya karatasi.

Mahakama ya wanafunzi, ambayo nayo imo, tuliijaribu tukaiacha. Watoto wanaohukumu wenzao hadharani huwa wakali kuliko sisi, na mtoto mnyonge anadhalilika mbele ya darasa zima. Labda penye msimamizi mzoefu inafaa. Kwetu kamati ya wanafunzi na kanuni za darasa walizoziandika wenyewe zilitosha.

Sasa afya ya akili, maana walimu wengi wanaoniuliza kuhusu kifurushi hiki wanaulizia hilo. Nawajibu bila kuficha: hakikutengenezwa kutibu huzuni ya mtoto, na msikitumie kana kwamba kinafanya hivyo. Kilifanyiwa utafiti mkubwa katika shule za msingi 42 wilayani Luwero, Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 kwenye shule zilizokitumia, na asilimia 49 kwenye shule ambazo hazikukitumia. Hayo ni mafanikio makubwa na ninayaheshimu. Lakini utafiti huo huo haukuona tofauti katika afya ya akili ya watoto wala katika alama zao. Na kuna namba nyingine ambayo watu huipita haraka: kutokana na yale watoto waliyowaeleza watafiti, watoto 434 walilazimika kupelekwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Mtoto akiulizwa kwa upole na mtu anayemwamini, anasema. Je, ukishayasikia utampeleka wapi?

Hili nimeliona mwenyewe. Baada ya shughuli ya kuzungumzia aina za ukatili, mtoto mmoja alibaki nyuma wenzake wakitoka. Alikuwa amekonda, halali usiku, na hesabu alizokuwa akizifanya bila shida zilikuwa zimemshinda. Yaliyomsibu ni yake, siyaandiki. Usiku ule nilipekua vijitabu vyote sita kutafuta nimwambie nini kesho, na nilichokipata kilihusu shule, hakikumhusu yeye. Nilipiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwanza kama mtoto yuko salama usiku huo, akanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ufuatiliaji ulichukua muda mrefu kuliko mtoto yule alivyostahili, kwa sababu afisa mmoja anabeba kata nyingi. Katikati ya kusubiri huko nilimwita kila siku asubuhi kunisaidia kugawa madaftari, ili awe na mtu mmoja anayemtazama usoni kabla masomo hayajaanza. Hilo sikulisoma popote.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni huu: kabla sanduku halijatundikwa, mwalimu wa malezi awe tayari anamfahamu afisa ustawi kwa jina, namba ya dawati la polisi iwe ofisini, 116 iandikwe ukutani kila darasa, na walimu wote wakubaliane kwamba alichosema mtoto hakiwi mazungumzo ya chai. Shule isiyoweza kufanya hayo isubiri kwanza kufungua shughuli za kuwafanya watoto waseme.

Kwa Raising Voices nina maombi mawili. La kwanza, toleo la Kiswahili linalozungumza na sheria ya Tanzania kama ilivyo, si kama tunavyotamani iwe. La pili, kijitabu cha ziada kwa ajili ya mwalimu anayebaki na mtoto mmoja baada ya kengele: dalili za kuangalia, maneno ya kuanzia, maneno ya kuepuka, na ukurasa wenye nafasi wazi za kujaza namba za simu za wilaya yake. Wakikitoa, nitakiprinti kwa rangi.