TAHADHARI!! Muuzaji wa glavu za besiboli soko la Kibuye, Kisumu, asiwapate kama alivyonipata

Jamani naandika hii nikiwa na hasira na pia aibu, kwa sababu mimi ni fundi wa nguo, nashinda nikipima watu kutwa nzima, na nimeuziwa saizi ya mtu mzima tepu ikiwa shingoni mwangu. Shingoni! Kijana wangu anacheza besiboli, na glavu ya kudakia mpira ndiyo nilikuwa namtafutia.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nikapitia kibandani kuchukua tepu ndio tukaenda Kibuye upande wa mitumba, nilikuwa natafuta pia kitambaa cha pazia. Jamaa ametandaza turubai, raba zimepangwa na katikati glavu moja tu, nyeusi, inang'aa. Kuniona nimeiangalia, "Mathe hii ni kamera, mtumba daraja la kwanza, belo ya Marekani imefunguliwa leo asubuhi." Akaivaa, akaigonga ngumi, pa! pa!, akampa kijana mpira wa tenisi amrushie, akaudaka bila hata kuangalia. Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nani wa kukataa hapo?

Kijana akanyoosha mkono wa kushoto avalishwe, jamaa akamvuta wa kulia. "Unaandika na upi? Basi mkono wa nguvu ndio wa kudaka." Nikaona kweli ina maana. Ikaning'inia kama sufuria, nikasema lakini si ni kubwa, akanijibu, "Mathe, atakua ndani yake, kwani uniform mnanunua ya kubana?" Hapo ndio alinimaliza, maana hayo ni maneno yangu mimi, nawaambia wazazi kila Januari. Akanionyesha namba 11 imeandikwa ndani, eti mtoto wa miaka 8 ni hiyo. Akataka 3,500 nikamshusha hadi 2,800 na nikaondoka nikijiona mjanja.

Jumanne mazoezini mwalimu akaiangalia, akanyamaza kwanza. Kumbe anayerusha kwa mkono wa kulia anavaa glavu kushoto, ule mwingine ubaki huru kurusha! Hii ni ya watu wa mashoto. Kijana alijaribu kuifunga na vidole vyote, haikufunga, mpira ukiingia unatoka. Na jasho lilipoanza, polishi ya viatu ikamchafua mkono mpaka kwenye kifundo, na chini ya polishi nikaona imepigwa muhuri wa 12½. Ile 11 ni kalamu tu! Nikatoa tepu sasa, umechelewa mama, kutoka ncha ya kidole cha shahada kushuka kwa ndani hadi mwisho wa kiganja: inchi kumi na mbili na nusu kamili. Mwalimu anasema hiyo ni ya watu wazima wanaocheza kule nyuma kabisa, mtoto wa umri wake atafute kumi na nusu au kumi na moja. Na ngozi yenyewe si ngozi, ni plastiki, pale inapokunjwa inabambuka kama ganda la viazi.

Nikampigia yule muuzaji, akasema, "leta Jumapili tubadilishane." Jumapili nimefika, hakuna turubai, hakuna mtu, majirani zake eti hawamjui. Simu, mteja hapatikani. Huyu mtu anyang'anywe hiyo turubai, awekwe ndani, na ailambe hiyo polishi yote! Kumdanganya mtu mzima sawa, lakini mtoto alilala na hiyo glavu kitandani siku mbili.

Ningeona mapema tu. Jina lililokuja kwa M-Pesa lilikuwa la mwanamke, nikasema labda ni mke wake. Harufu ya polishi niliisikia. Na mkono, mtoto mwenyewe alitoa ule sahihi. Mkienda kununua, mtoto aifunge mwenyewe mbele yenu, akishindwa rudisha, na msugue ndani na kitambaa cheupe.

Anauza bado, dada mmoja amemwona Kondele jana jioni. Nani yuko free Jumamosi tuzunguke pamoja, nitambeba na mwalimu.