Yamaha DT125 ya zamani kwenye njia ya Mgeta: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Kwetu ni Nyandira, tarafa ya Mgeta, na kazi yangu iko Morogoro mjini. Ijumaa jioni napanda milimani, Jumapili nashuka. Lami unaiacha pale Mzumbe. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu, mawe, kona juu ya kona, na korongo upande mmoja. Masika udongo ule unateleza kama mlenda. Miaka mitatu niliipanda njia hiyo na pikipiki ya kawaida ya bodaboda, ya cc 150. Kwa mjini sina neno nayo, lakini kule tumbo lake linagonga mawe, na mvua ikinyesha tope linajaa kati ya tairi ya mbele na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Unashuka, unachokoa kwa kijiti, unakwenda mita mia mbili, unashuka tena. Ndiyo sababu nikaanza kuitafuta DT.

Wakubwa wanazijua pikipiki hizi. Ndizo walizopandia milima mabwana shamba na mapadri miaka ya 1980 na 1990. Yamaha walianza ukoo wa DT mwaka 1968 kwa ile ya cc 250, kisha wakaja wadogo zake. Ninayoizungumzia ni 125 ya kupozwa kwa hewa, ile ambayo shokapu ya nyuma ni moja na imelala chini ya tanki. Injini yake ni tu-stroki: haina kemshafti wala valvu za kusukumwa nayo, pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda, na inachoma kila krenki inapozunguka mara moja. Ni nyepesi, ina vipande vichache, na madigadi ya mbele imekaa juu kabisa mbali na tairi, kwa hiyo tope halina pa kukwama.

Niliipata kwa mzee mmoja mstaafu wa kilimo. Ilikuwa ya mradi, mradi ulipokwisha ikauzwa mnadani, yeye akainunua na kuitumia hadi akachoka nayo. Nilipoiona ilikuwa imekaa bandani miaka sita, kuku wanalala juu ya kiti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, sikufichi kitu. Ukiipiga kiki itawaka. Lakini inakula oili ya giya. Nikijaza leo, baada ya wiki mbili imepungua, na chini hakuna hata tone. Sijui inakopeleka.”

Nilimshukuru kwa kusema kweli, ingawa siku ile sikuelewa uzito wa maneno yake. Tuliiwasha kweli, kiki ya nane au ya tisa, ikatoa moshi mweupe mzito uliojaa ua mzima. Alianzia 1,200,000, tukaelewana 850,000. Kadi ilikuwa kwa jina lake, namba ya chesisi na ya injini zilisomeka na zililingana na kadi, tukaandikishana mkataba kwa wakili na akanisindikiza mwenyewe TRA kubadilisha umiliki. Hapo nasisitiza: DT nyingi zimepita mikono mitano bila karatasi. Injini iliyokufa inatengenezeka. Kadi iliyopotea, ya mtu aliyekwisha kufariki, ni safari nyingine kabisa.

Mafundi wawili wa kwanza mjini waliniambia jambo moja: toa pampu ya oili, ziba tundu lake, uwe unachanganya oili kwenye petroli mwenyewe. Oili ya giya inakaa chumba chake peke yake, na krenki haina oili inayozunguka chini kama ya pikipiki za sasa. Oili inaingia pamoja na petroli, inalainisha beringi za krenki na pistoni, kisha inaungua. Yamaha waliweka pampu ndogo ya kuidondosha, wanaiita Autolube, na waya wake unafungana na mkono wa mafuta. Wengi wanaiogopa kwa sababu ikiziba, injini inakufa kimya kimya. Kuchanganya mwenyewe, lita moja kwa mililita 40 hivi, unakuwa na uhakika.

Fundi wa tatu, mtu wa makamo aliyekulia kwenye injini hizi, aliniuliza kwanza naitumia wapi. Nikamwambia Mgeta. Akasema, “Basi pampu haitoki.” Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nimwachie pikipiki. Ukichanganya, oili inafuata petroli. Unaposhuka mlima mrefu umefunga mafuta, injini inazungushwa na gurudumu kwa kasi, lakini petroli inayoingia ni kidogo, kwa hiyo na oili ni kidogo. Dakika kumi za kushuka hivyo pistoni inaanza kukauka, na ikinata kwenye silinda ukiwa kwenye kona, gurudumu la nyuma linafunga. Pampu haifuati mkono wa mafuta peke yake, inafuata na mzunguko wa injini. Hata ukifunga mafuta inaendelea kudondosha. Kwa mtu wa tambarare tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu anayeshuka kutoka zaidi ya mita 1,500 hadi Morogoro, ndiyo maisha ya injini, na pengine ya dereva.

Injini ilipofunguliwa tulipata jibu la mzee. Upande wa klachi, nyuma ya beringi ya krenki, kuna sili ya mpira inayotenganisha chumba cha krenki na oili ya giya. Fundi aliitoa akaniwekea kiganjani. Mdomo wake ulikuwa umekakamaa, nikiubonyeza kwa ukucha unameguka kama ukoko. Kila pistoni inapopanda inavuta hewa, na kwa sili mbovu ilikuwa inavuta na oili ya giya, inaiunguza. Kwenye ule moshi mweupe ndiko oili ilikokuwa ikienda. Sili ya upande wa pili, wa magineti, ikifa ni hatari zaidi, kwa sababu pale inavuta hewa tupu, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na pistoni inaungua. Tulibadilisha zote mbili, na kwa kuwa injini ilikwisha pasuliwa, beringi za krenki nazo, na konrodi na pini yake. Usikubali kupasua injini hii kisha ubane pesa ya beringi. Utairudia kazi ileile.

Silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikapelekwa kwa wachongaji ikachongwa kwa pistoni ya ovasaizi 0.50, yaani nene kuliko ya kiwandani kwa nusu milimita. Hapa nilipoteza pesa. Duka moja la Kariakoo liliniuzia pistoni na ringi ndani ya boksi zuri, muuzaji akaapa ni jenuini. Fundi aliziweka mezani akanionyesha: kwenye mfereji wa pistoni ya tu-stroki kuna kipini kidogo kinachoishika ringi isizunguke, maana ncha zake zikifika kwenye tundu la silinda zinanasa na kuvunjika. Ringi nilizouziwa hazikuwa na nafasi ya kipini hicho. Ni shilingi 95,000 ambazo hazikurudi. Seti ya pili niliifuata mwenyewe, nikiwa na pistoni ya zamani mkononi, nikaikagua kabla ya kulipa.

Mengine yalikwenda haraka. Tanki lililojaa kutu tulilisafisha kwa siki na nati, likatikiswa na kuachwa usiku mzima. Eksosi ilikuwa imeziba kwa masizi, ikachomwa na kukwanguliwa. Plagi mpya ya NGK B8ES, tairi za kashata mbele na nyuma, nyaya, viatu vya breki. Matengenezo yote, pamoja na ile pistoni ya hasara, yalifika 790,000. Jumla nimetumia 1,640,000.

Sasa inavyokwenda. Tanki mbili za kwanza niliiendesha kwa upole, naiacha ipoe, sikuifungulia mafuta yote. Safari ya tatu nikaipandisha. Chini ya mzunguko wa kati inasuasua, ukiizoesha kuwa juu kidogo inaamka, na pale ambapo bodaboda ilikuwa inalia kwa giya ya kwanza, hii nilipita kwa ya pili na mzigo mgongoni. Kwenye mawe inaelea. Baada ya Langali ilianza kukohoa na kuzama nilipoongeza mafuta. Juu hewa ni nyembamba, petroli inazidi. Fundi alipandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja, sindano ikashuka, ikatulia. Lakini nilikagua plagi nikiwa mjini pia, kwa sababu kinachofaa juu kinaweza kuwa kikavu chini. Rangi ilikuwa kahawia ya chokoleti, nikaridhika. Ingekuwa nyeupe ningerudisha klipu siku hiyohiyo.

Kasoro zake nazisema wazi. Inakunywa: lita moja inanipeleka kilomita 26 hivi, ile bodaboda ilizidi 45. Oili ya tu-stroki nayo ni gharama ya kudumu, lita moja kwa kilomita 900 au zaidi kidogo, na usiidanganye kwa oili ya gari. Taa hufifia injini ikiwa chini, usiku kwenye kona za taratibu unaona kwa shida. Ukifunga mafuta injini haikuzuii kama ya fo-stroki, kwa hiyo breki zinafanya kazi yote, na hizi ni za ngoma. Mimi hupumzisha mara mbili kabla ya kufika Mzumbe. Petroli ya chupa ya barabarani siiweki kabisa. Nikiweka yenye mafuta ya taa inagonga papo hapo. Na si ya kubeba magunia. Anayetaka kushusha viazi atafute AG100, tu-stroki ya nyumba hiyohiyo, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa yote.

Kwa njia yangu, na kwa mtu aliye na fundi anayezijua, ningeinunua tena kesho.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule mzee kumsalimu. Alisikia mlio kabla hajaniona, akatoka na kuizunguka mara mbili bila kusema. Kisha akachuchumaa, akafungua kifuniko cha oili ya giya kwa vidole, akachungulia, akachovya kijiti.

“Ipo,” akasema. “Umejaza lini?”

“Miezi minne iliyopita, mzee.”

Akakifunga kifuniko taratibu, akajifuta mkono kwenye suruali, akaniomba funguo.