Trekta ndogo ya farasi 25 baada ya misimu miwili: kupukuchua mahindi na swichi ya kiti

Nalima mahindi nje kidogo ya Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Trekta ninayoieleza hapa ni ya kikundi chetu cha watu kumi na wawili, na tumekaa nayo misimu miwili. Ni ndogo, ya dizeli, silinda tatu, nguvu za farasi 25, magurudumu yote manne yanavuta. Tuliitaka itufyekee, ivute tela mpaka soko la Bweyale, na zaidi ya yote ituzungushie mashine ya kupukuchua. Kwa kupukuchua naipa alama zote. Duka lililotuuzia halipati kwangu hata nusu ya alama, na sababu yenyewe iko chini ya kiti.

Siku ya kwanza ilikuwa Julai, mahindi yamekauka, watu wa kazi wamefika saa mbili asubuhi. Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva, akaunganisha shafti ya nyuma, ile ya PTO inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, akawasha, mashine ikaanza kunguruma. Akashuka aje kutusaidia kumwaga mahindi. Mguu wa pili haujagusa ardhi, injini kimya. Akapanda, akawasha, akashuka: kimya. Mara ya nne tulikuwa tumeizunguka wote, hakuna anayesema kitu. Nikapiga simu dukani. Kijana aliyepokea akaniambia, "Mama, wekeni kitu kizito kwenye kiti." Tukaweka nusu gunia la mahindi, tukafanya kazi mpaka jioni.

Siku ya tatu gunia liliteleza. Injini ikazima mashine ikiwa imejaa, magunzi yakakwama ndani, tukatumia saa nzima kuyachokoa kwa mikono. Jirani akatuletea fundi. Akalala chini ya kiti, akakata nyaya mbili za swichi ya kiti, ile inayohisi kama mtu amekaa, akaziunganisha, akafunga tepu nyeusi, akachukua shilingi 10,000 akaenda zake. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu alikuwa anafyeka kando ya shamba, mahali palipokuwa na ua wa zamani. Waya wa ua ukajizungusha kwenye mashine ya kufyekea. Nilikuwa nawaletea chai, niko kama hatua thelathini hivi, nikamwona anashuka. Ameshika ncha ya ule waya, anavuta, na chini ya bati majani bado yanaruka. Nilipiga kelele, kwa mlio ule hakunisikia. Waya ukamponyoka, ukachapa buti lake la mpira na kulipasua kutoka kifundo cha mguu hadi karibu na goti. Ngozi haikuguswa. Nilipofika nikavuta kitasa cha kuzima, yeye akakaa palepale kwenye nyasi. "Shangazi," akasema, "nilidhani imezima." Na ndivyo trekta ilivyomzoesha zile siku za mwanzo: ukinyanyuka, inazima. Sisi ndio tuliokuwa tumeiondolea tabia hiyo bila kujua ilikuwa ya nini.

Usiku ule sikulala. Asubuhi tukaipeleka kwa fundi mwingine, Masindi mjini, na hapa ndipo nataka kusifu huduma. Kabla ya kugusa spana aliuliza kitabu cha maelekezo kiko wapi. Kilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, kwenye sanduku la vifaa, hakijafunguliwa tangu dukani. Akakaa kwenye gurudumu la mbele akasoma kama dakika kumi, kisha akatuita mimi na mpwa wangu tuangalie mchoro mmoja. Kiwiko cha PTO cha trekta yetu, yaani ule mkono wa kuiingiza na kuitoa, kina nafasi mbili za kazi. Ya kwanza ni ya kazi za kutembea, kama kufyeka: hapo lazima mtu awe kitini, akinyanyuka injini inakata. Ya pili ni ya kazi za kusimama: kupukuchua, kusaga, kuvuta maji. Unaweka gia huru, unafunga breki ya kuegesha, unasogeza kiwiko kwenye nafasi hiyo ya pili, unashuka, na injini inaendelea. Mtu akigusa gia au akiachia breki bila kukaa, inazima. Kumbe siku ile ya kwanza hatukuhitaji gunia wala fundi. Tulihitaji mtu wa duka atuonyeshe kiwiko kwa dakika tano.

(Trekta nyingine zina kitufe badala ya kiwiko, nyingine zina utaratibu tofauti kabisa. Fuateni kitabu cha trekta yenu.)

Alirudisha nyaya kama zilivyotoka kiwandani. Plagi ya swichi ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa umande, akaisugua kwa msasa mwembamba na kuipaka grisi. Nikamweleza jambo jingine lililotusumbua: kabla nyaya hazijakatwa, injini ilikuwa ikikohoa kwenye matuta hata dereva akiwa amekaa. Mpwa wangu ni mwembamba, na springi ya kiti ilikuwa imekazwa kwa mtu mzito, kwa hiyo kila akirushwa swichi inaona kiti kitupu. Fundi akailegeza kwa kitasa cha nyuma ya kiti. Kazi nzima haikufika saa moja, akadai shilingi 30,000. Kisha akamkalisha mpwa wangu, akaingiza PTO kwenye nafasi ya kwanza, akamwambia anyanyuke. Injini ikazima karibu na kuhesabu moja. Akarudia mara tatu ndipo akaturuhusu kuondoka.

Nilimuuliza: sasa kwenye nafasi ya kusimama, nani anatulinda kama kiti hakituangalii? Akaniambia niitazame shafti yenyewe. PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, ambayo ni mara tisa kwa sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 7 inakunja karibu sentimita 22 kila mzunguko, yaani mita mbili kwa sekunde. Leso yangu ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara inaishia palepale: leso yote imeshakunjwa kabla sijafungua mdomo. Nikakagua kinga ya plastiki inayofunika shafti yetu. Ilikuwa na ufa, na mnyororo mdogo unaoizuia isizunguke haukuwa umefungwa popote. Tumenunua kinga mpya. Akina mama wanaomwaga mahindi sasa wanafunga leso zao kwa ndani ya aproni, hakuna mtoto anayekaribia, na hakuna mtu anayeruka juu ya shafti hata akiwa na haraka ya namna gani. Mtu mmoja kazi yake ni kusimama karibu na kitasa cha kuzima. Hamwagi mahindi, hashiki gunia, na tunamlipa sawa na wengine.

Kuhusu kazi yenyewe: tunapata magunia kama 20 ya kilo 100 kwa saa, kwa lita tatu hivi za dizeli. Dereva akishikilia injini kwenye alama ya 540 iliyo kwenye dashibodi, punje zinatoka nzima. Akiongeza mafuta ili tumalize mapema, punje zinapasuka na mnunuzi anazikataa. Mahindi mabichi nayo yanapasuka, kwa hiyo tunayakausha kwanza kwenye kibanda. Ghalani yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Injini haichemki hata baada ya saa tano mfululizo, mradi chujio la hewa lipulizwe kila mapumziko, maana vumbi la magunzi ni jingi mno. Kwa tela haina shida. Kwa kulima ardhi ngumu ya kiangazi ni dhaifu, msiinunue kwa hilo.

Duka nililipigia tena mwezi uliopita. Sikuomba fidia. Niliomba wanapokabidhi trekta wamkalishe dereva kitini na kumwonyesha zile nafasi mbili, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote anayoielewa, na waache kuwaambia watu waweke gunia. Aliyepokea alinisikiliza vizuri, akasema atalifikisha kwa bosi wake. Kwa sasa nimeandika hatua zote kwa mkono kwenye karatasi, nikaifunika kwa nailoni na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Mpwa wangu huisoma kwa sauti kila anapomfundisha kijana mpya wa kikundi.