Jumamosi nane Mwanjelwa: uzoefu wangu wa kujiandaa na CELTA

Nianze na hela, maana ndicho kitu cha kwanza walimu wenzangu wanachoniuliza. Nililipa shilingi 220,000 kwa darasa la kujiandaa na kozi ya CELTA, Jumamosi nane, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, kwenye chumba cha ghorofani upande wa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Chini yake kuna fundi anayechomelea mageti. Hapo sijaweka nauli ya daladala kutoka Uyole wala chai na maandazi. Nimemaliza, nimefanyiwa usaili, nafasi nimepata, na kozi yenyewe naanza mwezi wa saba. Je, hela ilienda kihalali? Nusu yake, ndiyo.

Kwa asiyeijua, CELTA ni cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao. Kozi ni saa 120. Ndani yake unafundisha wanafunzi halisi kwa jumla ya saa 6 huku mkufunzi akikuangalia na kuandika, unawatazama walimu wazoefu wakifundisha kwa saa nyingine 6, na kuna kazi nne za kuandika, kila moja maneno 750 hadi 1,000. Mtihani wa mwisho hakuna. Unapimwa siku zote. Anayesoma kutwa humaliza kwa wiki nne au tano. Mimi nimechukua ya mtandaoni ya muda wa ziada, ambayo hata kufundisha kwenyewe ni kwa mtandao, utaratibu ulioingia mwaka 2020 wakati wa korona. Kiingereza chako kinatakiwa kiwe C1 ya juu au C2, yaani ngazi mbili za mwisho kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya.

Cheti hiki hakichukui nafasi ya stashahada yangu ya ualimu, wala sikukitafuta ili nipandishwe daraja. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka tisa. Kila Januari napokea kidato cha kwanza wanaojua kuitikia "Good morning, madam" kwa sauti moja ya kutikisa madirisha, lakini ukimsimamisha mmoja umuulize kwao ni wapi, anaangalia viatu. Nilichoka kuwalaumu walimu wa msingi.

Tangazo la darasa la maandalizi nililiona kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Lilikuwa na maneno mawili ambayo yalipaswa kumshtua mtu mzima kama mimi: "uhakika wa nafasi" na "cheti kinachotambulika". Nafasi hakuna anayeweza kukuhakikishia. Usaili unafanywa na kituo kinachoendesha kozi, na wakiona bado hujaiva wanakuambia ukajipange. Na kile cheti cha maandalizi chenye mhuri mwekundu, kwenye usaili hakuna aliyekiulizia. Kipo kabatini pamoja na kadi za harusi.

Jumamosi tatu za kwanza zilikuwa za vitini. Fotokopi ya fotokopi, pembeni maneno yamekatika, njeo (nyakati za vitenzi) kumi na mbili za Kiingereza zimepangwa kwenye jedwali, jedwali lilelile ninalowaandikia kidato cha pili ubaoni. Mkufunzi, kijana mpole tu, alikuwa anasoma mstari kwa mstari, na kila fundi wa chini alipowasha grinda alikuwa ananyamaza, anasubiri, kisha anarudia mstari. Dada niliyekaa naye, mwalimu kutoka Tukuyu aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri ili awahi gari, Jumamosi ya tatu alikuja na madaftari ya wanafunzi wake akawa anasahihisha kimyakimya. Sikumlaumu. Nami nilikuwa napiga hesabu kama naweza kudai nirudishiwe changu.

Jumamosi ya nne akaja mkufunzi mwingine, mama wa makamo ambaye kozi yenyewe aliisoma. Kitini hakuleta. Aliandika ubaoni sentensi mbili, "I lost my key" na "I have lost my key", akanikabidhi chaki. "Madam, tufundishe tofauti yake. Kiswahili usitumie, na jina la njeo usilitaje."

Nikaanza kwa kujiamini. Nikachora mstari wa wakati, nikaweka nukta, nikaongea dakika tano nzima, kisha nikamalizia kama ninavyomalizia siku zote: "Do you understand?" Wenzangu wakaitikia kwa makusudi, wamenyoosha migongo kama wanafunzi: "Yes, madam!" Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Wamesema ndiyo. Umejuaje kama ni kweli?"

Miaka tisa ya "mmeelewa?" na "ndiyo mwalimu", na jibu sikuwa nalo.

Akachukua chaki. Akasema usimuulize mtu kama ameelewa. Muulize kitu ambacho asiyeelewa hawezi kukipatia jibu. Kwa sentensi ya pili: huyu mtu, ufunguo anao sasa hivi? Hana. Anaweza kufungua mlango? Hawezi. Tunajua aliupoteza lini? Hatujui. Rudi sentensi ya kwanza uulize yaleyale: anao sasa hivi? Hapo darasa likagawanyika, mmoja anasema hana, mwingine anasema labda aliupata baadaye, sentensi haisemi. Na huko kugawanyika ndiko kulikotufungua macho. Maswali hayo mafupi, ya kukagua kama dhana imeingia, ndiyo yanayotafutwa kwenye andalio la somo la CELTA, na unatakiwa uyaandike kabla pamoja na majibu yake. Kwenye andalio tulilozoea sisi, sehemu ya tathmini tunaandika "wanafunzi wameelewa vizuri" hata kabla ya kuingia darasani. Msinibishie.

Jioni ile nilikaa na lile suala la ufunguo hadi nikaona kitu ambacho hakikuwa kwenye kitini chochote. Kiswahili chetu "-me-" inakaa na jana bila ugomvi: "Amefika jana," nani atakusahihisha? Basi mwanafunzi anaandika "He has arrived yesterday", nami nakata kwa wino mwekundu miaka yote bila kujiuliza kosa limetoka wapi. Tena "nimechoka", "amelala", "wamesimama": hapo "-me-" inaeleza hali aliyonayo mtu sasa, ambapo Mwingereza anasema "I am tired", "he is asleep". Nilianza kuandika makosa ya wanafunzi wangu nyuma ya daftari, kila kosa na chanzo chake cha Kiswahili. Yalifika kurasa sita. Kujiandaa kwangu hasa kulikuwa hizo kurasa.

Tukaingia kwenye matamshi. Alama za fonetiki zinatisha ukiziona mara ya kwanza, ila baada ya wiki mbili zinazoeleka. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu 20 ukijumlisha zile mbilimbili zinazoteleza. Kwa hiyo "ship" na "sheep" kwa wengi wetu ni kitu kimoja. Nilipokuwa nahangaika na hizo mbili, dada wa Tukuyu akasema, mbona hata Kinyakyusa tunazo? Akatamka maneno mawili ya kwao. Mimi niliyekulia Kiswahili kitupu nikasikia neno moja limerudiwa mara mbili. Yule mama mkufunzi akamwambia arudie, akampa chaki, akamwambia leo wewe ndiye mwalimu. Kinyakyusa kina irabu saba. Yule dada alikuja na sikio tayari, tangu kwa bibi yake, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba linafaa kwenye Kiingereza. "Ndaga fijo," yaani asante sana, akasema huku anarudi kukaa, na madaftari ya kusahihisha hatukuyaona tena.

Kitu ambacho ofisi ya darasa la maandalizi haikututajia, huenda kwa sababu ni cha bure: Cambridge wana kijitabu cha maandalizi chenye kazi 50 na majibu yake. Kinakuuliza kuhusu wanafunzi, sarufi, stadi za kusoma na kusikiliza, maandalizi ya somo na mengine. Mama ndiye aliyetuambia, tena akiwa ameshafunga mlango. Nilikichapisha steshenari, nikakifanya jioni baada ya kuosha vyombo, kazi mbili au tatu kwa siku. Kama hela huna kabisa, anza na hicho.

Usaili nao una kisa chake. Kituo kinatuma kwanza kazi ya kuandika: sentensi zenye makosa uzieleze, maneno yanayofanana maana uyatofautishe. Ile niliimaliza kwa lile daftari langu la makosa. Kisha mazungumzo kwa Zoom, wakaandika saa 4:00 asubuhi kwa saa za London, Jumanne, wiki ya kwanza ya Aprili. Nikajumlisha saa tatu kama nilivyozoea, nikapata saa saba mchana. Kumbe Waingereza Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saa mbili! Saa sita na dakika tano niko jikoni nakoroga uji wa mtoto, barua pepe ikaingia: tunakusubiri. Nikafungua laptopu nikiwa na kitenge, koti la shule nimelitupia juu. Na Mbeya ya Aprili ni ileile, dakika kumi tu mvua ikashuka juu ya bati, hatusikilizani. Nikaomba radhi, nikahamia kwenye korido kwa mama mwenye nyumba, ambaye ana dari. Naye alikaa pale hadi mwisho, anaitikia kwa kichwa.

Swali walilonishika nalo: ungejuaje kama mwanafunzi ameelewa ulichofundisha? Nilitaka kucheka. Nikawapa ufunguo.

Kwa hiyo Jumamosi tano za yule mama ningezilipia peke yake, hata kwa bei ileile. Wiki iliyopita nilimpigia kumshukuru. Akaniambia awamu inayokuja amepunguziwa vipindi, vingi amepewa kijana wa vitini, kwa sababu yeye anapitiliza muda na hamalizi mada. Kabla hujalipa, uliza nani anafundisha, na Jumamosi zipi. Na ukiingia, usikae dirishani upande wa fundi.