TAHADHARI: Anayeuza pampu na giaboksi za kombaini kuukuu kwa simu, Malindi hadi Garsen

Ndugu wakulima na wenye mashine, kuanzia Malindi na Magarini mpaka kule Garsen kwenye mpunga: kuna mtu anauza pampu za haidroliki (za kusukuma oili ya presha) na giaboksi za kombaini, yaani mashine za kuvunia, za zamani kupitia simu. Duka hana. Ana picha nzuri, sauti ya upole, na "stoo Mombasa" ambayo sijakutana na mteja aliyewahi kuingia. Mimi ni fundi na sijanunua kwake kitu. Mizigo yake ndiyo inayoishia kwenye benchi langu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unaandika kwenye kundi la wakulima kwamba kichwa cha kukatia kinanyanyuka kwa uvivu. Hata hujajibiwa na mwingine, yeye keshakupigia. Anaomba video, anaitazama, kisha: "Mzee wangu, hapo pampu imekwisha. Ninayo moja tu, na kuna mtu wa Narok anaitaka. Nitumie nusu nikushikie." Siku zote imebaki moja, na siku zote kuna mtu wa Narok.

Mzee mmoja wa upande wa Garashi alinionyesha video aliyomtumia. Kombaini imezimwa, kichwa kiko juu, kinashuka chenyewe polepole mpaka kinagusa ardhi. Injini imezimwa! Pampu inazungushwa na injini. Injini ikilala nayo imelala, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kichwa kinachoshuka. Silinda zinazonyanyua kichwa, kwenye nyingi ya mashine hizi, husukumwa na oili upande mmoja tu. Oili ikichuruzika nje, tazama sili za silinda, ile mipira inayozuia oili isitoke. Nje kukiwa kukavu, oili inarudi kwenye tangi kupitia vali. Kwa mzee ilikuwa sili. Fimbo ya silinda ilikuwa imeliwa na kutu ya upepo wetu huu wa chumvi, ina vishimo ambavyo ukipitisha ukucha unavisikia, na kila ikipanda na kushuka inachana mpira. Fimbo ikachongwa upya kwa fundi wa leithi, sili zikabadilishwa, na gharama yote haikufika ile nusu aliyokwisha kuituma.

Pampu aliyoletewa nikaifungua mbele yake. Rangi ya fedha mpya, imepakwa mpaka juu ya vichwa vya bolti na kuingia ndani ya tundu la hozi. Kibati cha nambari kimesagwa. Sili ya shafti ni mpya, lakini shafti yenyewe ina mfereji pale mdomo wa sili unapokaa, kwa hiyo ingevuja tu. Ndani, upande wa kuvutia oili, meno yamechimba ukuta wa pampu. Presha husukuma gia kuelekea upande huo, kwa hiyo alama nyepesi ni kawaida hata kwa pampu nzima. Hii ilikuwa handaki. Kilichofanyiwa "ukarabati" pale ni rangi.

Na kuna kisa kingine kibaya zaidi: pampu inayozunguka upande usio wake. Pampu nyingi za gia zimetengenezwa kuzunguka upande mmoja tu. Ukifunga ya kulia mahali pa kushoto, presha inakwenda kwenye sili ya shafti na kuitoa nje, oili yote inamwagika shambani. Yeye hamuulizi mteja upande hata siku moja. Ikipasuka, kosa ni la fundi wako.

Pampu hufa, sikatai. Ila kabla ya kumtumia mtu hata shilingi, anza na vya bei rahisi. Oili imefika alama? Ina povu? Povu ni hewa, na hewa mara nyingi inaingilia kwenye klipu iliyolegea ya hozi ya kuvutia. Filta imeziba? Kama usukani na kichwa vinalishwa na pampu moja na usukani uko sawa, basi pampu huenda haina neno. Mwisho fungeni geji ya presha, mlinganishe na kitabu cha mashine. Asiyekuwa na geji anabahatisha, awe mimi au yeye.

Mteja mwingine aliambiwa apitishe kiganja juu ya hozi asikie inapovuja. Jamani! Oili ya presha inayotoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha mwiba na watu wamekatwa mikono kwa hicho. Tumia kipande cha katoni, na ikikupenya nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile usiingie chini ya kichwa kabla ya kuweka kizuizi chake.

Giaboksi anaziuza kwa mtindo uleule. Kombaini inakosa nguvu ya kwenda, yeye anasema gia zimeisha. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinatumia mkanda wa varieta, ile puli inayojipanua na kujibana kwa silinda ndogo ya haidroliki. Mkanda ukiwa umeng'aa pembeni, unanuka mpira ulioungua na injini haishuki mlio mashine inapolemewa, gia hazihusiki. Kwa zile za haidrostatiki, zinazoendeshwa na presha ya oili badala ya mkanda, uliza: inakosa nguvu mbele na nyuma, au upande mmoja tu? Ikiwa mmoja tu, na vali mbili za presha kubwa zinafanana, zibadilishane nafasi. Ugonjwa ukihama, umeshampata mwizi wako bila kununua giaboksi.

Waranti yake ni wiki mbili, nayo huisha kombaini ikiwa bado inangoja mahindi yakauke. Ukimwahi, atasema umeiua kwa oili chafu, na hapo kuna chembe ya ukweli anayoitumia vizuri: pampu iliyosagika huacha vyuma kwenye mfumo, usiposafisha tangi na hozi na kubadilisha filta, hata pampu mpya halisi itakufa. Yeye halisemi hilo wakati wa kuuza. Anakuuzia na dumu la oili juu yake. Dondoshea tone kwenye bati la moto; likitatarika kama viazi karai vinapoingia mafutani, lina maji. Nambari iliyo kwenye dumu chini ya alama ya KEBS, shirika la viwango, pia unaweza kuihakiki kwa ujumbe kwenda 20023.

Jina linalotokea kwenye M-Pesa si la biashara, na hubadilika. Kwa hiyo aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa malipo. Nambari yake ya simu iripotiwe Safaricom kupitia 333, na kituo cha polisi uandikishe taarifa. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaingia Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya 2016, na wakili si lazima. Pampu ikiwa bado iko kwenye nailoni, usiifunge kwenye mashine. Ipige picha pande zote na uonyeshe ilipo shafti. Na akikwambia uirudishe kwa basi akubadilishie, kataa. Waliorudisha hawana pampu, hawana pesa, na hawana cha kumwonyesha hakimu.