Land Rover au Land Cruiser ya zamani ya kulala porini: chaguo tano, kuanzia lile ningelilipia kwanza

Ukiingiza Land Rover 110 au Land Cruiser hardtop ya miaka ya tisini gereji na kusema unataka iwe ya kulala porini, fundi wa bodi ataanza kupima paa kabla hujamaliza sentensi. Mwambie asubiri. Paa ndilo linaloshika bodi isicheze kwenye barabara mbovu, na likishavuja linaharibu godoro, nyaya na sakafu kwa mpigo. Kwa hiyo hapa chaguo limepanda juu kadiri linavyokupa usingizi mzuri bila kuigusa bodi. Nimewafikiria watu wawili wanaokwenda Serengeti, Tarangire au Ruaha na kurudi na gari lao lilelile.

1. Kitanda cha ndani chenye droo

Ndilo rahisi kuliko yote, na ukichoka nalo unalifungua na kurudisha viti. Gari linalolifaa zaidi ni Land Cruiser ndefu, HZJ75 au HZJ78, zile zilizokuwa ambulensi au gari za mashirika, zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Ukitoa benchi za ubavuni unabaki na nafasi ya kumtosha mtu mzima akajinyoosha. Kwenye 110 miguu inakosa mahali, hivyo ubao wa mbele uwe na bawaba: mchana unakunjwa, usiku unaangukia juu ya viti vya mbele vilivyolazwa.

Fundi atumie plaiwudi isiyoogopa maji, milimita 18 kwa kitanda na 12 kwa droo, na fremu aifunge kwenye matundu ya bolti za viti yaliyopo tayari. Akishika drili, muulize anatoboa nini. Reli za droo zenye gololi zinavutia dukani, lakini vumbi la Naabi, lango la kuingilia Serengeti, likiziingia droo inagoma. Vipande vya plastiki ngumu vinavyoteleza juu ya mbao vinadumu zaidi, na vikilika unakata vingine. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Liwekwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma, wala lisining'inie mlangoni.

Tatizo la humu ndani ni pumzi. Watu wawili wakilala na vioo vimefungwa, alfajiri dari linadondosha maji. Acha vioo viwili wazi na uvivalishe wavu wa mbu. Kwenye Land Cruiser wavu unashikwa na sumaku tu. Kwenye Land Rover sumaku inateleza na kuanguka, kwa kuwa bati la nje ni alumini, basi shona velikro. Na jiko la mkaa lisiingie humo hata kwa dakika tano za kupasha baridi ya Ngorongoro. Hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Faida nyingine utaiona saa tisa usiku. Kambi za umma za Seronera, katikati ya Serengeti, hazina uzio, na kitu kikianza kupumua karibu na tairi, unahamia kiti cha dereva bila kushuka (kwenye 110, ukishakunja ubao wa mbele).

2. Gari la safari lililokwisha kukatwa paa

Arusha imejaa magari yaliyostaafu kubeba watalii, yenye paa la kunyanyuka juu ya nguzo za chuma. Mtu mwingine alishalipia ukataji, wewe unanufaika. Fundi wa maturubai anakushonea kuta zenye madirisha ya wavu, seremala anakuwekea ubao juu ya viti, umepata chumba cha kusimama wima.

Lakini kabla ya kutoa hela, mwagia paa ndoo kadhaa za maji likiwa limefungwa, kisha ingia ndani upapase kingo zote kwa vidole. Mpira uliochoka unabadilishwa. Fremu iliyooza chini ya mpira ni habari nyingine. Kisha lala chini ya gari. Mengi yao yalirefushwa chesi ili yabebe abiria zaidi. Tafuta mahali lilipounganishwa: ukikuta bati nene la nyongeza limevikwa pande zote mbili za kiungo, endelea na mazungumzo. Ukikuta mstari mmoja tu wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi mbichi, shukuru kwa chai uondoke.

3. Hema la juu ya keria

Linapendeza kwenye picha, na kulala juu kuna hewa safi. Tatizo ni kwamba mengi yana kilo 45 hadi 75 kabla hujaongeza keria yenyewe, na uzito huo wote unakaa kileleni mwa gari ambalo tayari ni refu na jembamba. Kitabu cha gari kinatoa kikomo cha mzigo wa juu ya paa gari likiwa linatembea. Jumlisha hema na keria, uone kama unabaki ndani yake. Keria ikanyage mfereji wa mvua kwa miguu mingi, sita au nane, isiwe minne.

La kuudhi zaidi: kila asubuhi kabla ya kwenda kutazama wanyama lazima ulikunje, hata likiwa limelowa chapa. Mwenye hema la kawaida la chini analiacha kambini na kwenda zake.

4. Boksi nyuma ya pikapu

Linafaa ukiwa tayari na HZJ79, yaani Land Cruiser ya pikapu. Boksi likae kwenye raba na bolti zinazoruhusu kucheza kidogo, kwa sababu chesi hujipinda kwenye makorongo na boksi lililokazwa kila kona hupasuka pembeni. Springi za nyuma zitahitaji kuongezwa.

5. Kukata paa zima

La mwisho, hata kama fundi ni shemeji yako. Kama huna budi, basi fremu ya skwea paipu itangulie ndani ndipo msumeno ufuate. Kwenye Land Rover usikubali chuma kikae uchi juu ya alumini: maji yakiingia kati, alumini inageuka unga mweupe na riveti zinalegea. Pande zote mbili zipakwe rangi, na raba iwekwe katikati.

Umbo la bodi likibadilika kwa namba 4 au 5, kadi ya usajili nayo inabidi ilingane na gari. Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA. Waulize wanataka nini kabla ya kutoa malipo ya awali, maana bodi ikishakatwa hairudi.