Hita za kitalu nyumba kwa baridi ya Lushoto: tatu mezani, moja ya kununua

Assalaam aleikum, karibuni. Najua mnacheka. Tuko Tanga mjini, Ngamiani, feni la darini linazunguka na jasho bado linatutoka, halafu mezani kuna hita tatu. Video hii si ya watu wa Chumbageni wala Raskazone, maana huku hata Julai mmea wa joto hauna shida. Ni ya ndugu zetu wa mlimani, Soni, Lushoto, Mlalo, na zaidi Magamba, ambako usiku wa kipupwe nyuzi zinaweza kushuka chini ya 10. Okidi na anthurium, maua ya nchi za joto, vilivyonunuliwa huku pwani vikapandishwa gari hadi Mombo na kuendelea juu, vikifika kule majani yanaanza kulegea na kuota madoa.

Kitalu nyumba kikiwa kitupu hakisaidii sana usiku. Mchana kinakusanya joto vizuri, lakini joto lile ni kama watu wanavyosema juu ya Tanga: waja leo waondoka leo. Saa mbili usiku limeshatoka lote kupitia nailoni.

Kwa hiyo kabla hujagusa hita hata moja hapa, tupige hesabu. Chukua kitalu cha uani, upana mita 2, urefu mita 3, kimo mita 2. Kuta nne ni mita za mraba 20, paa tuseme 7, jumla 27. Nailoni moja ya maikroni 200 inapitisha kama wati 6.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje ni 8, ndani unataka 16, tofauti 8. Zidisha: 27 mara 6.5 mara 8, unapata wati 1,404. Ongeza upepo unaopenya mlangoni na kwenye mishono, weka wati 1,600.

Sasa tandika nailoni ya pili kwa ndani, au ile ya vipovu inayofungiwa vioo na televisheni, ukiacha nafasi ya sentimita 2 hadi 5 kati yake na ya nje. Upotevu unashuka mpaka kama wati 4. Hesabu ile ile inakupa 864, na ukijumlisha upenyo unafika 1,000. Umepunguza zaidi ya theluthi kwa nailoni tu, na hiyo nailoni unainunua mara moja. Hita utailisha kila usiku.

Kwenye LUKU ni hivi. Kwa mteja wa kawaida, shilingi 10,000 inatoa takribani uniti 28, yaani uniti moja, ambayo ni wati 1,000 kwa saa moja, ni kama shilingi 356. Hita haifanyi kazi muda wote, inawaka na kuzima. Tukichukua wastani wa wati 600 kwa saa 8 kwa kitalu chenye nailoni mbili, ni uniti kama 5, shilingi 1,780 kwa usiku. Kwa mwezi inakaribia 53,000. Kitalu cha nailoni moja kitakula uniti 8, na mwezi utaingia 85,000. Na walio kwenye ile bei nafuu ya matumizi madogo, angalieni sana: kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Hita itakuvusha kabla mwezi haujafika katikati, na hapo bei ya nyumba nzima inabadilika, mpaka ya friji na taa. Hili wauzaji wa hita hawakuambii.

Walioko Uingereza wanaotutazama, hesabu ni hiyo hiyo ila tofauti ni kubwa. Nje ikiwa chini ya sifuri kwa nyuzi 2 na ndani 16, tofauti ni 18, kitalu hicho hicho chenye nailoni mbili kinataka karibu wati 2,000 kabla ya upepo.

Haya, mezani.

Ya kwanza, hita ya feni, hii ndogo ya wati 2,000 yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha nguvu, kimoja cha joto. Ni ya bei ya chini kuliko zote na kwa kitalu ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu inasukuma hewa. Kwenye kitalu hewa ya moto hupanda darini na ya baridi hulala chini kwenye mizizi, na feni inaivuruga hiyo. Ndani utakuta ama koili ya waya mwekundu au seramiki. Chukua seramiki ukiipata. Seramiki ikizibwa na vumbi inajipunguzia moto yenyewe, koili inaendelea kuwaka mpaka plastiki inanuka.

Geuza chini muone. Kuna kitufe hapa kwenye kitako. Hita ikianguka kinaachia na umeme unakata. Usalama mzuri, ila ukiiweka juu ya kokoto au udongo laini kitufe hakibonyei na hita haiwaki kabisa, watu wanarudisha dukani wakidhani ni mbovu. Weka tofali la bloku lililolala sawa, hita juu yake, angalau nusu mita kutoka majani na nailoni. Na isielekee mmea moja kwa moja, itakausha kingo za majani.

Ya pili, hii ya mapezi yenye mafuta ndani, wengine wanaiita redieta. Kimya, haitoi upepo, na mafuta yanabaki na joto kwa muda umeme ukikatika. Lakini inachukua muda mrefu kupata moto, na ikizimwa inaendelea kutoa joto, kwa hiyo kipimo kinapita ulipotaka. Bila feni pembeni utakuwa na 22 darini na 13 chini. Sebuleni ni nzuri. Kitaluni inataka msaidizi.

Ya tatu ina skrini, rimoti, na vitufe vya kugusa. Inapendeza. Usiinunue kwa kazi hii. Umeme ukikatika saa nane za usiku na kurudi baada ya dakika kumi, hita hii inabaki imezima ikisubiri mtu abonyeze. Wewe umelala, okidi inapigwa na baridi hadi asubuhi. Kwa sababu hiyo hiyo haikubali kuendeshwa na thamostati ya nje, yaani kidude kinachoiwasha na kuizima kwa kufuata joto. Hita ya kitalu lazima iwe ya vitufe vya kuzungusha, umeme ukirudi inaendelea ilipoachia.

Sasa thamostati, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua bili yako. Ile iliyomo ndani ya hita inapima joto la hita yenyewe, si la mmea. Inazima mapema au inachelewa, hujui. Hiki kidude ni thamostati ya nje, kinaitwa STC-1000, kinauzwa sana kwa mafundi wa friji na watu wa mashine za kutotolea vifaranga. Hakikisha umepewa cha volti 220, maana vya volti 12 vinafanana kabisa kwa sura.

Nyuma kuna matundu manane. 1 na 2 ni umeme wa kukiwasha chenyewe. 3 na 4 ni waya wa kipimajoto. 5 na 6 ni swichi ya kupasha, 7 na 8 swichi ya kupooza. Wengi wanafunga hita moja kwa moja kwenye 5 na 6, taa ya kidude inawaka, hita haiwaki. Matundu hayo hayatoi umeme, ni swichi tu. Chukua waya wa moto kutoka 1, uingize 5, halafu kutoka 6 uende kwenye hita. Nyutro ya hita inaungana na ile ya 2. Waya wa ardhi unapita moja kwa moja bila kuguswa. Kama maneno haya ni mageni kwako, ita fundi umeme.

Kupanga: shikilia S kwa sekunde 3. F1 ndiyo joto unalotaka, weka 17. F2 ni tofauti, imetoka kiwandani ikiwa 0.5, weka 1. Maana yake inawasha ikishuka 16, inazima ikifika 17. Ukiacha 0.5 inawasha na kuzima mara nyingi mno, swichi inachakaa. F3 ni dakika za kusubiri, iliwekwa kulinda kompresa ya friji, kwako haina kazi, ishushe hadi 1. F4 ni ya kusahihisha kipimo: saga barafu, changanya na maji kidogo, tumbukiza kipimajoto, kikisoma 1.2 badala ya 0, punguza 1.2 hapo. Skrini ikiandika EE, waya wa kipimajoto umekatika au umechomoka.

Usifunge feni ya kupoozea kwenye 7 na 8. Kwa mpangilio huo itawaka joto likifika 18, yaani asubuhi mapema jua linapoanza kukusaidia feni inalitoa nje. Feni ya mchana ipewe thamostati yake, iwashe kwenye 28 au 30.

Kipimajoto kining'inie kimo cha mimea, katikati, kifunikwe jua na kisipigwe na upepo wa hita.

Swichi yake imeandikwa ampia 10, yaani kama wati 2,200. Mimi siiamini hivyo. Hita iweke kwenye nusu nguvu, wati 1,000, ambayo tumeona inatosha kitalu chenye nailoni mbili. Ukilazimika kutumia 2,000, weka kontakta katikati, yaani swichi kubwa inayoamrishwa na hii ndogo. Swichi ikizidiwa meno yake yanagandana na hita haizimi tena, kwa hiyo kile kitufe cha joto cha hita yenyewe usikipeleke mwisho. Kiache kikate kama kwenye 22, kiwe kinga ya pili.

Waya kutoka nyumbani: milimita za mraba 2.5. Ekstensheni nyembamba ya 0.75 ikiwa mita 20 na hita ya 2,000, zaidi ya wati 70 zinaishia ndani ya waya wenyewe, na ukiuacha umeviringishwa unayeyuka. Kitalu ni mahali pa maji, kwa hiyo RCD ya miliampia 30, swichi inayokata umeme ukivuja, si ya kujadiliana.

Nimeweka hapa pembeni kitu kidogo ambacho kwa wengi wenu kinaweza kuondoa haja ya hita kabisa. Mkeka wa joto, sentimita 25 kwa 50, wati 20 hivi. Unawekwa chini ya trei za miche. Usiku wa saa 12 unakula robo ya uniti. Kama unachootesha ni hoho, nyanya au papai, mbegu inataka udongo wa moto, hewa inaweza kubaki baridi kiasi. Panga udongo kwenye 25, na kipimajoto kichomeke ndani ya trei, si hewani. Bila thamostati, jua la mchana likijumlishwa na mkeka, trei inapita 35 na vijimizizi vinaungua. Chini ya mkeka weka kipande cha foamu ngumu nyeupe, ile ya kwenye maboksi ya friji, la sivyo unapasha ardhi ya Lushoto.

Mkeka huo hata sola inauweza. Hita haiwezi: betri ya volti 12, ampia-saa 200, ya risasi, ukitumia nusu yake kama inavyotakiwa, inaendesha wati 1,000 kwa saa moja na kidogo.

Pipa jeusi la lita 200 lililojaa maji, likipoa nyuzi 8 usiku, linaachia karibu uniti 1.9 bila LUKU. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo pipa likae ukuta wa kusini ili limulikwe.

Gesi na mafuta ya taa. Kilo moja ya gesi inatoa kama uniti 12.8 za joto, mtungi wa kilo 6 unakaribia 77, gawanya bei ya mtungi wako ulinganishe na 356. Lakini kila kilo inamwaga pia zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji ndani, na mvuke huo ukitua kwenye petali unaleta ukungu wa kijivu. Moto ukiwaka vibaya unatoa ethilini, gesi inayozeesha maua, na machipukizi ya okidi yanadondoka bila sababu inayoonekana. Mkaa usiingie kitaluni hata kidogo. Nailoni mbili ulizoziba vizuri zinafungia hewa ya sumu, na anayeingia kuangalia miche anaweza asitoke.

Asubuhi fungua matundu hata kama bado kuna baridi, robo saa inatosha, unyevu utoke. Maji ya kumwagilia yakae ndani ya kitalu tangu jana yake. Saintpaulia, lile ua la Usambara hii hii lililopelekwa Ujerumani miaka ya 1890 na Walter von Saint Paul-Illaire likachukua jina lake, ukilimwagia maji ya baridi kwenye majani linatoka madoa meupe yasiyofutika, na wengi wanadhani ni ugonjwa wakapulizia dawa.

Ukitaka tukupigie hesabu ya kitalu chako, andika hapo chini urefu, upana, kimo, nailoni ni moja au mbili, na kipimajoto cha nje kimesoma ngapi saa kumi na moja alfajiri. Usituandikie "baridi sana". Tuandikie namba.